Kuhamia Windows 11: kwa nini fundi, mwalimu na mwenye steshenari hawakubaliani

Tarehe 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere, Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10. Ofisi zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko, korosho ndiyo kwanza zinaingia maghalani, na kesho yake kompyuta za Mtwara na Lindi ziliwaka kama kawaida. Hakuna kilichozimika. Ubishi ulianzia hapo hapo: kama kila kitu kinafanya kazi, huyu anayeniambia nihamie Windows 11 anataka nini kwangu?

Kaa kidogo kwenye benchi la fundi kompyuta pale Mtwara mjini utasikia majibu yanayogongana. Mwenye steshenari atakwambia Windows 11 ni nzito na imemuulia printa. Mwalimu aliyeteremka na laptopu yake kutoka Newala anasema ya kwake imekataa kabisa, imemwandikia kwamba kompyuta haina sifa. Kijana wa chuo anawashangaa wote wawili, maana yeye anaitumia tangu mwaka wa kwanza na hajaona tatizo. Fundi mwenyewe hana shida: lete mashine yoyote ile, nitakupigia Windows 11 sasa hivi. Wote wanasema kweli, isipokuwa fundi, ambaye anasema nusu. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anazungumzia mashine yake na kazi yake, halafu anaitoa kama hukumu ya Windows 11 nzima.

Tuanze na neno linalotisha wengi, kwamba Windows 10 "imekufa". Programu kubwa kama ile haikosi matundu. Kila mwezi Microsoft, watafiti na wahalifu hugundua matundu mapya, na kila mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuyaziba. Kilichokoma Oktoba 2025 ni viraka hivyo vya bure. Tundu litakalogunduliwa baada ya siku ile hubaki wazi kwenye Windows 10 isiyo na mpango maalumu, na tatizo ni kwamba kiraka kinachotolewa kwa Windows 11 huwaonyesha wahalifu mahali pa kuchungulia, kwa kuwa mifumo hii miwili imejengwa juu ya msingi mmoja. Windows Defender, ile antivairasi inayokuja na mfumo wenyewe, itaendelea kupokea orodha ya virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Inasaidia, lakini kumtambua mwizi ni kazi moja, kuziba dirisha ni nyingine.

Mfano unaojulikana zaidi ni WannaCry. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, kirusi kilichopitia tundu lile lile kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 100 na kudai fedha ili kuyafungua, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Wengi walisema hayo ndiyo matokeo ya kung'ang'ania Windows XP, iliyokuwa imeachwa tangu 2014. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha vingine: sehemu kubwa ya mashine zilizoambukizwa ilikuwa na Windows 7, toleo ambalo bado lilikuwa linahudumiwa. Wenyewe hawakuwa wameliapdeti tu.

Hili linatuhusu sana sisi wa bando. Kompyuta nyingi huku zimezimwa apdeti tangu siku ya kwanza. Mteja anaunganisha intaneti ya simu atume barua pepe moja, Windows inashusha mamia ya megabaiti, bando linakwisha, na laptopu inarudi kwa fundi na ombi moja tu: "Fundi, nizimie hili dude." Fundi anazima. Kwa mashine ya namna hiyo tarehe 14 Oktoba haikubadilisha chochote, ilikwishaishi bila viraka miaka mitatu minne. Ndiyo maana mwenyewe haoni tofauti, na ndiyo maana maoni yake kuhusu hatari ya kubaki hayawezi kukuongoza wewe unayefungulia akaunti ya benki kwenye kompyuta.

Hatari yenyewe si sawa kwa kila mtu. Kompyuta ya kuchapa mitihani isiyowahi kuona intaneti ina adui mmoja mkubwa, flashi inayotoka steshenari moja kwenda nyingine ikibeba virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato. Kompyuta ya katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yenye orodha ya wakulima, namba zao za akaunti na malipo ya msimu, ni habari nyingine kabisa. Ningekuwa na uwezo wa kuzipanga kompyuta za mikoa hii kwa foleni ya kuhudumiwa, ile ya pili ingetangulia na ile ya kwanza ningeiacha mwisho bila wasiwasi wowote.

Sasa kwa nini ya mwalimu ikakataa? Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ilikuja na masharti ambayo matoleo ya nyuma hayakuwa nayo. RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 si tatizo kwa wengi. Vizuizi ni vitatu vingine. Kuna TPM 2.0, chipu ya kutunza funguo za siri mahali ambapo virusi havifiki kirahisi. Kuna Secure Boot, inayohakiki kwamba kinachowaka kabla ya Windows hakijachezewa. Viwili hivi mara nyingi vimo ndani ya mashine ila vimezimwa, na fundi anaviwasha kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kwa dakika chache. Cha tatu hakiwashwi na mtu: prosesa, ubongo wa kompyuta, lazima iwe kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel karibu yote huanzia kizazi cha 8, na kwa AMD huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000.

Fungua Settings, ingia System kisha About, utaona jina la prosesa. Kama imeandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani cha 6. Ikiwa i5-7300U ni cha 7. Ikiwa i5-8350U ni cha 8, umepita. Za karibuni zina kizazi cha tarakimu mbili: i5-10310U ni cha 10 na i5-1135G7 ni cha 11, kwa hiyo usisome ile 1 ya mwanzo ukajitupa nje bure.

Ukishajua kusoma namba hiyo utaelewa kwa nini kilio ni kikubwa zaidi huku kuliko mahali watu wanaponunua mpya dukani. Laptopu nyingi za Mtwara na Lindi ni mtumba, mashine za maofisi ya Ulaya na kwingineko zilizopitia Kariakoo. HP EliteBook 840 G3, moja ya laptopu zinazopendwa sana kwa uimara wake, ina prosesa ya kizazi cha 6. G4 ni cha 7. G5 kwa kawaida ni cha 8. Zote tatu ukiziweka mezani mteja wa kawaida haoni tofauti ya maana, na muuzaji hana haraka ya kumwonyesha. G3 yenye RAM ya GB 8 inafanya kazi nzuri tu, inafungua Word, Excel na video bila kuhangaika. Kumwambia mwenye mashine hiyo kwamba haifai kunamkera, na kukereka kwake kuna haki. Mashine ni nzima. Imeachwa nje na orodha, haikushindwa na kazi.

Watetezi wa Microsoft husema masharti hayo yanaifanya Windows 11 iwe ngumu kushambulia, na ni kweli, hasa wizi wa nywila na virusi vinavyojificha kabla mfumo haujawaka. Wakosoaji husema kampuni inasukuma watu wanunue kompyuta mpya. Sioni kwa nini yote mawili yasiwe kweli kwa pamoja.

Manung'uniko nayo yana historia yake, na si kila anayenung'unika ni mvivu wa kujifunza. Windows Vista ya 2007 ilikuwa nzito kweli kwa mashine za wakati ule, watu wakabaki na XP mpaka ilipokuja Windows 7 mwaka 2009. Windows 8 ya 2012 iliondoa kitufe cha Start, watu wakapiga kelele, kitufe kikarudi kwenye 8.1 mwaka uliofuata, na menyu nzima ikarejea kwenye Windows 10. Waliolalamika walishinda. Halafu Windows 10 yenyewe, iliyotoka Julai 2015, iligawiwa bure kwa mwaka mmoja kwa namna iliyowaudhi wengi: kompyuta zilishusha gigabaiti kadhaa za mafaili yake hata kwa watu ambao hawakuiomba, na wengine wakaamka wakakuta imeshajipiga yenyewe. Mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema mwaka huo kwamba hilo ndilo toleo la mwisho la Windows. Kwa rekodi hiyo, mtu akiwa mgumu kuamini tangazo jipya siwezi kumlaumu. Duniani kote watu walijivuta. Kwa hesabu za StatCounter, kampuni inayopima matumizi ya mtandao, Windows 11 iliipita Windows 10 kwa idadi ya watumiaji Julai 2025, karibu miaka minne tangu itoke.

Turudi kwa mwenye steshenari. Lalamiko lake la kwanza, uzito, mara nyingi halitokani na Windows 11. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama safu ya Disk. Ikiwa inagota 100% huku prosesa imekaa kwenye 10%, mashine inaisubiri diski ya kuzunguka, ile ya zamani, imletee mafaili. Windows 10 nayo ilikuwa ikisota kwenye diski hiyo, ila kwa sababu Windows 11 ina mengi ya kuandika na kusoma kwa nyuma, tatizo limevua nguo. Ukiweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 256, ile ile kompyuta utadhani umebadilishiwa. Ukiniuliza shilingi ya kwanza itumike wapi, itumike hapo, kabla ya RAM na kabla hujafikiria Windows ipi. SSD nyingi huja na basi kutoka Dar, kwa hiyo agiza mapema. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara Somanga na mizigo ikakaa.

Lalamiko la pili, printa, lina ukweli wenye mpaka. Windows 10 ilikuwa na sura mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Steshenari nyingi zilipigiwa ya biti 32 kwa kuwa RAM ilikuwa ndogo, na printa za zamani zilipata humo draiva zake, yaani programu za kuziwezesha kuelewana na kompyuta. Ukitoka biti 32 kwenda Windows 11 hauhami, unafuta na kuanza upya, na draiva ya biti 64 kwa printa ya miaka mingi huenda mtengenezaji hakuwahi kuitoa. Programu za kale za biti 16, zile za hesabu za duka zilizoandikwa enzi hizo, hazitafunguka tena. Lakini kama About inakuonyesha kwamba Windows 10 yako tayari ni ya biti 64 na printa inachapa, uwezekano mkubwa ni kwamba itachapa na kwenye 11. Kwa hiyo hofu ya printa ni halali kwa jirani yako na huenda kwako haipo.

(Kwa steshenari kuna jambo jingine ambalo sisikii likizungumzwa: Microsoft imetangaza kuachana na Publisher, programu yake ya kupanga kadi na vipeperushi, Oktoba 2026. Kadi za harusi na za michango za mikoa hii zimejaa humo. Hamisha violezo vyako kwenda PDF au Word wakati bado unaweza kuvifungua.)

Mwambaa wa kazi uliohamia katikati, menyu fupi ukibofya kulia, matangazo hapa na pale: hayo yanaudhi wiki mbili kisha mkono unazoea, na ule mwambaa unaurudisha kushoto kwenye mipangilio.

Kwa aliyekataliwa kuna njia, na maoni hukorogana zaidi hapa kwa sababu kila njia ina mtetezi wake.

Njia ambayo watu wengi hawaijui kabisa ni ESU, mpango wa kuongezewa viraka vya usalama kwenye Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa kompyuta ya mtu binafsi yenye toleo la 22H2, unaingia Windows Update na kujiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi kitu. Usipotaka, ni dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Malipo ya akaunti moja hufunika hadi kompyuta 10, zikiwa zimeingia kwa akaunti hiyo. Hupati kipya chochote zaidi ya viraka, lakini viraka ndivyo ulivyokuwa unavikosa. Ofisi zina bei yao, dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Shule zenye mikataba ya leseni za elimu hulipa dola 1, kisha 2, kisha 4. Mwalimu wa Newala ningemwambia aanzie hapa leo, kabla hajamlipa mtu yeyote.

Njia ya fundi ni kuyaruka masharti. Inawezekana, flashi hutengenezwa ikiwa imeondolewa ukaguzi wa TPM na prosesa, na Windows 11 inawaka. Ile nusu ambayo fundi haisemi ni hii: Microsoft haijaahidi viraka kwa mashine hizo. Kwa sasa vya kila mwezi huwa vinaingia, ila toleo jipya la kila mwaka mara nyingi haliji lenyewe, inabidi urudi kwa fundi na utoe hela tena. Kwenye kompyuta zenye prosesa za kale za Core 2 Duo, ambazo bado zimo kwenye maofisi, toleo la 24H2 la Windows 11 haliwaki hata ufanyeje, kwa sababu linadai amri ambazo prosesa hizo hazina. Na fundi akikutaka uzime Defender ili "kufungua" Windows kwa programu ya kuvunja leseni, mkatalie. Laptopu nyingi za maofisi zilizokuja mtumba zina ufunguo halali wa Windows ndani ya bodi yake. Ukipiga Windows safi ya aina ile ile na kuunganisha intaneti, inajithibitisha yenyewe. Ukikubali ile ya kuvunja leseni, unajiletea virusi ili kuiba kitu ulichokuwa nacho tayari.

Kuna na Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, hasa Linux Mint, ambayo ni bure na nyepesi kwa G3 au hata kwa kitu cha zamani zaidi. Kwa anayeishi ndani ya kivinjari na kuandika barua kwenye LibreOffice, mbadala wa bure wa Word, inatosha. Kwa mwalimu ambaye mitihani yake inazunguka kwa Word kati ya walimu watano, majedwali yatahama mahali pake kila faili likirudi, na mafundi wanaoifahamu huku ni wa kutafuta. Ningemshauri anayependa kujifunza. Nisingemlazimisha mtu mwenye foleni ya wateja dirishani.

Aliyepita masharti yote, ahamie, ila achague wakati. Katibu wa AMCOS asiguse kitu kuanzia Oktoba mpaka minada iishe. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo chukua flashi ya GB 8 au zaidi kwa aliyekwisha kulishusha, usilipie kwa bando la simu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, iombee umeme au iazimie UPS, kwa sababu kukatika katikati ya zoezi kunaweza kukurudisha mwanzo au kukuachia mashine isiyowaka. Nakili mafaili nje kwanza. Ukihama kwa kuapgredi bila kufuta, una siku 10 za kubadili mawazo na kurudi Windows 10. Zikipita, mafaili ya kurudia hufutwa.

Akaunti ya Microsoft ndiyo sehemu ninayoiona ya hatari kuliko zote zinazolalamikiwa. Windows 11 Home inadai intaneti na akaunti wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. Mteja hana barua pepe au ameisahau nywila, foleni ni ndefu, na fundi kwa nia njema anaingiza ya kwake. Tangu toleo la 24H2, Windows iliyopigwa upya na kuingia kwa akaunti hiyo kwa kawaida huifunga diski nzima kwa msimbo, na ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Siku bodi ikibadilishwa au BIOS ikiguswa, skrini ya bluu itakuomba tarakimu hizo. Ziko kwenye barua pepe ya fundi, na fundi kahamia Masasi. Tengeneza barua pepe yako kabla hujaondoka nyumbani, andika nywila kwenye daftari, na ukishakabidhiwa mashine ingia kwenye ukurasa wa akaunti yako ya Microsoft uhakikishe ufunguo upo, kisha uchapishe kwenye karatasi.